Neno "Chanjo" na Kifua cha Mzee: Tarasaa katika Historia ya Kinga ya Maradhi ya Pumzi

Utangulizi

Makala haya yalizaliwa na utafiti mwingine kabisa. Mwanzoni mwa mwaka 2021 mwandishi alikuwa Tarasaa, katika Delta ya Tana, akikusanya msamiati wa mitumbwi na wa mto miongoni mwa wazee wa Kipokomo, kwa nia ya kuulinganisha na ule wa Kiswahili cha Lamu na Malindi. Wasomaji wa jarida hili wanafahamu kwa nini kazi ya namna hiyo ina maana. Kipokomo, Kiswahili, lugha za Kimijikenda, Kielwana na lugha za Visiwa vya Ngazija ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa Sabaki, ambao Derek Nurse na Thomas Hinnebusch waliueleza kwa urefu katika kitabu chao cha 1993. Lakini si maneno yote ya mto yaliyomo vitabuni. Mengi yamo vifuani mwa wazee, na mwaka ule vifua vya wazee ndivyo vilivyokuwa hatarini.

Katikati ya kazi hiyo mazungumzo yalihama, bila mtu kuyahamisha, kutoka kwenye makasia na ngalawa hadi kwenye sindano. Mzee mmoja, ambaye tangu siku ya kwanza aliniita mjukuu wake nami nikamwita babu, alinionyesha kovu la duara begani mwake. Lilikuwa kovu la chanjo ya ndui. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, ni lini chanjo imekuwa kitu cha wazee. Kwa kadiri alivyoelewa yeye, chanjo ilikuwa ya watoto na ya ng'ombe.

Swali hilo ndilo kiini cha makala haya. Wepesi wa kulijibu unashawishi: mtu aweza kusema kwamba mzee hana elimu, au kwamba ameingiwa na uvumi, akaishia hapo. Nadhani jibu hilo ni la kivivu. Mzee yule alikuwa akieleza, kwa usahihi ambao kamusi zetu hazina, maana ya neno "chanjo" kama ilivyokuwa kwa muda wa miaka arubaini na zaidi katika nchi ya Kenya. Hapana budi basi tuifuate historia ya neno lenyewe kwanza, ndipo tufike kwenye historia ya dawa.

Chanja, chale, chanjo

Kitenzi "chanja" ni cha zamani na ni cha kazi za mikono. Huchanjwa kuni, huchanjwa samaki ili akolee chumvi, na huchanjwa mwili. Kuchanja chale ni kuitoboa ngozi kwa wembe ili dawa ipite, na desturi hiyo ilikuwapo pwani na bara kabla ya daktari yeyote kutoka Ulaya kutia nanga. Chanjo ya ndui ilipoletwa, nayo ikiwa ni kuikwaruza ngozi na kutia utomvu wa ugonjwa mdogo ili kuzuia mkubwa, lugha haikutafuta neno jipya. Kitendo kilikuwa kile kile machoni pa watu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inakiweka kitenzi hiki pamoja na maana zake zote, ya kuni na ya ngozi na ya ndui, bila kuona ajabu yoyote, na ni haki yake.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba katika hatua hii ya historia chanjo haikuwa na umri. Ndui haikuchagua mtoto wala mzee, kwa hiyo wembe nao haukuchagua. Hali hiyo ilidumu mpaka ndui yenyewe ikatoweka. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, si mbali sana na Tana kwa mtu anayepima umbali kwa nyayo za ng'ombe; na mwaka 1980 ulimwengu ulitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Wenye kovu begani leo ni watu wa makamo na wazee. Ukimwona Tarasaa mtu asiye na kovu, utajua bila kumuuliza kwamba alizaliwa baada ya hapo.

Mwaka huo huo wa 1980 Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo, ukiwa ni tawi la mpango mpana ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 1974. Mpango huo ulikuwa wa watoto: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio, surua. Ulikuwa mpango mwema, na hesabu ya watoto uliowaokoa ni kubwa. Lakini uliifanyia lugha jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. "Chanjo" likawa neno la kliniki ya akina mama. Likawa na siku yake, kadi yake, mizani ya kumpimia mtoto na foleni ya wanawake wenye kanga. Mwanamume mwenye mvi aliyeonekana katika foleni hiyo alikuwa amemsindikiza mtu.

Upande wa pili wa neno ulikuwa zizini. Waorma, ambao ni wafugaji na majirani wa Wapokomo katika delta, wameijua chanjo kwa ng'ombe wao kwa vizazi kadhaa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika ya Mashariki, ikaacha njaa nyuma yake. Dawa iliyoishinda hatimaye ilitengenezwa katika nchi hii hii, Muguga, karibu na Nairobi, ambako Walter Plowright na wenzake walifanikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuviotesha viini vya sotoka katika seli mpaka vikapoteza ukali wake. Sotoka ya mwisho kuthibitishwa duniani ilionekana mwaka 2001 katika Mbuga ya Meru, ambayo mpaka wake wa kusini ni mto Tana wenyewe. Mwaka 2011 ikatangazwa kwamba imekwisha. Maradhi mawili tu yamepata kufutwa kabisa kwa chanjo katika historia ya binadamu, ndui na sotoka, na yote mawili yalitolea pumzi ya mwisho katika pembe yetu hii ya dunia. Mfugaji wa Garsen hahitaji kuhutubiwa juu ya faida ya chanjo. Haja yake ni kuelezwa kwa nini yeye mwenyewe, akiwa mzima na mwenye heshima zake, awekwe katika kundi la ndama.

Ndiyo maana nasema kwamba swali la mzee lilikuwa sahihi. Maana ya neno ilikwisha kupungua ikabaki ya ndama na ya mtoto mchanga.

Maradhi yasiyo na jina la kutisha

Kuna jambo la pili la lugha, nalo ni majina ya maradhi. Maradhi yaliyowatisha watu wa pwani yana majina yake maalumu, majina mazito: ndui, tauni, kipindupindu. La mwisho linatokana na kupinduka, na mwenye kulisikia huiona picha. Maradhi ya njia ya pumzi, kinyume cha hayo, yana majina ya nyumbani. Tuna mafua, tuna kikohozi, tuna homa, ambayo ni neno la Kiarabu lililopoa kwa kuzoeleka. "Mafua" ni jamaa ya "kifua". Shina ni lile lile. Mtu huwa na mafua kama anavyokuwa na usingizi. Ni kweli kwamba tuna "kichomi" kwa homa ya mapafu, jina lenye ukali wa kuchoma, na "kifua kikuu". Lakini hakuna anayesema mafua yamegeuka kichomi. Husema fulani alikuwa na mafua, kisha, kana kwamba ni habari nyingine, kichomi kikamwua.

Hapa pana hasara ambayo haionekani kwa urahisi. Daktari anaposema kwa Kiingereza jina la ugonjwa huo wa virusi, anamaanisha ugonjwa mahususi, wenye uwezo wa kuua mamia ya maelfu ya watu duniani kila mwaka, walio wengi wakiwa wazee. Tafsiri yake katika matangazo yetu ni "homa ya mafua", na masikio ya Tarasaa yanasikia kamasi. Sipendekezi jina jipya. Majina yanayotungwa mezani hufia mezani. Natoa tu taarifa kwamba mwaka 2020, korona ilipoingia, watu waliiogopa kwa sababu mojawapo hii, kwamba ilikuja na jina lake. Tanzania hata ilifika hatua ya kuunda ufupisho wa Kiswahili, UVIKO-19, ambao umekubalika kuliko wengi tulivyotarajia.

Wakati huo huo neno "barakoa", ambalo vijana wengi hawakulijua, lilirudi kutoka katika masanduku ya bibi zetu, ambako lilikuwa na maana ya kitambaa au kinyago cha kufunika uso wa mwanamke, likapewa kazi mpya ya mdomo na pua. Na "virusi", neno la kigeni lisilo na umoja wala wingi katika asili yake, limekwisha kuingizwa katika ngeli ya ki-vi na watu wasiongoja ruhusa ya baraza lolote: kirusi kimoja, virusi viwili, kama ambavyo zamani "kitabu" cha Kiarabu kilipewa "vitabu". Haya ni maendeleo ya kawaida, na wanafunzi wetu wa isimu wangefaa kuyaandika yangali mabichi.

Mwaka 1918

Maradhi ya pumzi si mageni katika pwani ya Kenya, na kama majina yao ni madogo, si kwa sababu vifo vilikuwa vichache. Mwezi wa Septemba 1918 mafua makuu ya dunia yaliingia kwa njia ya bahari kupitia Mombasa. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba yalibebwa na meli zilizotoka Bombay. Hali ya nchi ilikuwa mbaya tayari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikimalizika, wapagazi wa jeshi walikuwa wakirudi makwao wakiwa mifupa mitupu (jina "Kariakoo", linalotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, ndilo kaburi lao katika lugha yetu), na mvua ilikuwa imekosekana.

Mwaka 2019 Fred Andayi na wenzake walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za serikali ya kikoloni zihusuzo Pwani, kuanzia mwaka 1912 hadi 1925. Walikuta kwamba vifo kwa jumla viliongezeka mara sita katika mwaka 1918, na idadi ya waliokwenda hospitali na zahanati mara tatu. Kwa makisio yao, watu 25.3 katika kila 1000 walikufa kwa mafua kwa mwaka. Mtu na ajaribu kulihamishia jambo hilo kijijini: katika kijiji cha watu 400, makaburi kumi kwa ugonjwa mmoja.

Lakini mafua ya 1918 yalikuwa na tabia isiyo ya kawaida, na nadhani tabia hiyo imeathiri kumbukumbu. Aghalabu mafua huua watoto wachanga na wazee. Yale ya 1918 yaliwaua zaidi watu wa kati ya miaka ishirini na arubaini, na penginepo duniani wazee waliachwa kwa kiasi fulani. Wataalamu wengi wanafikiri kwamba wazee hao walikuwa wamekutana ujanani na virusi vilivyofanana navyo. Kwa hiyo masimulizi yaliyobaki ni ya vijana walioanguka shambani. Mzee aliyekufa kwa kifua mwaka 1925 au 1957 au 1968, na miaka hiyo miwili ya mwisho ilikuwa ya mafua makuu mengine, hakuingia katika simulizi lolote. Ilisemekana tu kwamba siku zake zilikuwa zimetimia.

Dawa ya kuzuia mwaka 1918 haikuwapo. Zilitengenezwa chanjo huko Ulaya na Marekani, lakini zilielekezwa kwa bakteria asiye na hatia, kwa kuwa kiini chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Kiligunduliwa kwa binadamu mwaka 1933, London, na Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, waliowaambukiza wanyama wadogo wa jamii ya cheche. Baadaye kidogo ikajulikana namna ya kukiotesha katika mayai ya kuku, na Thomas Francis pamoja na Jonas Salk wakalitengenezea jeshi la Marekani chanjo ambayo mwaka 1945 iliruhusiwa kwa raia pia. Mwaka 1947 chanjo hiyo ilishindwa. Virusi vilikuwa vimebadilika, na kinga ya jana haikuvitambua vya leo. Tangu hapo ikaeleweka kwamba chanjo ya mafua ni lazima itengenezwe upya, na mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani likaweka mtandao wa kuvichunguza virusi hivyo nchi kwa nchi. Mwaka 1960 serikali ya Marekani ikashauri kwamba watu wa miaka 65 na zaidi wachanjwe kila mwaka. Ndipo, kwa mara ya kwanza, chanjo ikawa na umri wa uzeeni.

Kinga inayorudiwa kila mwaka

Nilipokuwa nikisoma shahada ya pili mjini London nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyepita miaka sabini. Kila ilipokaribia baridi alipata barua ya kumwita kwa daktari achomwe sindano ya mafua. Aliibandika jikoni pamoja na bili ya maji. Hakukuwa na mjadala. Lilikuwa jambo la majira, kama kupogoa waridi zake. Nchini Uingereza sindano hiyo imekuwa ya bure kwa wote waliofikia miaka 65 tangu mwaka 2000. Nilipomsimulia babu wa Tarasaa habari za mama huyo, alicheka, akauliza kama dawa yao ni hafifu hata irudiwe kila mwaka.

Swali hilo nalo si la kudharauliwa. Chanjo ya ndui ilikuwa mara moja na kovu likabaki. Jibu nililompa lilikuwa la mto. Nilimwambia kwamba virusi vya mafua ni kama Tana, ambao umehama mkondo mara nyingi. Anayepanda mpunga kwa kufuata mkondo wa mwaka juzi atavuna mchanga. Alinyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba hilo angelielewa hata bila kwenda Ulaya.

Lakini baadaye, nikipitia daftari, niliona kwamba mfano ulio bora zaidi ulikuwa katika utamaduni wa Waswahili wenyewe, nami nikaupita. Wazungumzaji wa Kiswahili wanalo neno "zindiko" na kitenzi chake "kuzindika": kuuwekea mwili, nyumba au mji kinga kabla ya madhara kufika. Wanalo pia "kago", la shamba. Haya si matibabu. Hufanyiwa kitu kizima. Na katika miji ya pwani, siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ilikuwapo desturi ya kumzungusha ng'ombe mjini kisha kumchinja, ili balaa za mwaka unaoingia zisipate mlango. Kila mwaka, bila ya kuuliza kama ng'ombe wa mwaka jana alikuwa hafifu. Sisemi kwamba sindano ni zindiko, wala sitaki wahubiri wa dini yoyote waniandikie barua. Nasema kwamba dhana mbili ambazo watu wa afya wanazilalamikia kuwa hazieleweki kwa wazee, yaani kumpa dawa asiyeumwa na kuirudia kila mwaka, zote mbili zina historia ndefu katika lugha yetu. Matangazo niliyoyaona hayakuzigusa. Yalitafsiriwa kutoka Kiingereza sentensi kwa sentensi, na yalinukia hivyo.

Umri wa mzee

Sasa tuurudie mwaka 2021. Korona ilithibitishwa Kenya mwezi wa Machi 2020. Mwanzoni mwa Machi 2021 shehena ya kwanza ya chanjo ilitua Nairobi: dozi zaidi ya milioni moja za AstraZeneca, zilizotengenezwa Pune, katika jimbo lile lile la Uhindi ambalo mji wake mkuu ni Bombay ya zamani. Mwanahistoria hana budi kutua hapa kidogo. Mwaka 1918 njia hiyo ya Bahari ya Hindi ilituletea ugonjwa; miaka mia na mitatu baadaye ikatuletea kinga. Kisha Uhindi yenyewe ikaelemewa na maradhi, ikazuia dozi zisitoke, na Kenya ikabaki ikihesabu zilizomo majokofuni.

Waliopewa kwanza walikuwa wahudumu wa afya, walimu na askari. Mwishoni mwa Machi ikatangazwa kwamba wenye miaka 58 na zaidi nao waje. Namba hiyo, iliyokuwa wazi kabisa Nairobi, ilipata shida ya tafsiri Tarasaa. Wazee wengi wa delta hawahesabu umri kwa mwaka. Huhesabu kwa mafuriko, kwa njaa, kwa vita, kwa kuzaliwa kabla au baada ya fulani. Vitambulisho vyao viliandikwa na makarani waliokisia. Aidha kujiandikisha kulitakiwa kufanyike kwa intaneti, na penye simu ya namna hiyo ni mjukuu mwenye kuishika.

Babu niliyekwisha kumtaja alikubali. Hakukubali kwa sababu ya maelezo yangu. Alikubali kwa sababu alikuwa amefikiri, na kovu lake lilikuwa hoja tosha. Tulikwenda pamoja katika zahanati moja ambayo haina haja ya kutajwa. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa mwaka 1964. Kijana aliyekuwa mezani alitoa, akapata 57, akasema kwa adabu kwamba mzee arudi siku nyingine. Babu akaeleza kwamba katika mafuriko makubwa ya 1961 alikuwa tayari akipiga kasia, na dada yake mdogo amekaa katikati ya mtumbwi akilia. Kijana alisikiliza. Alikuwa na daftari lenye nafasi ya tarehe, na mafuriko hayana nafasi. Simlaumu sana, angeandika nini? Njiani tukirudi mzee hakulalamika. Alisema tu kwamba ni mara ya kwanza maishani mwake kuambiwa ni mtoto.

Mimi niliondoka Tarasaa mwezi wa Aprili. Dozi zikawa haba. Baadaye mlango ulipofunguliwa kwa watu wazima wote, ilikuwa imekwisha kuwa nusu ya pili ya mwaka. Babu alifariki mwezi wa Julai, katika majira ya lile wimbi kali la korona. Alikohoa siku tisa. Hakupimwa, kwa hiyo mwandishi wa makala haya hana haki ya kuandika alikufa kwa nini, wala kudai kwamba dozi moja ingemwokoa. Ninachoweza kukiandika ni kilicho katika kinasa sauti. Katika orodha ya sehemu za mtumbwi tulifika ya kumi na saba. Alisema zimebaki kadhaa, za tezi, na kwamba tutaendelea nikirudi.

Nimewauliza wazee wengine wawili. Mmoja alizijua tatu. Mwingine alinipa majina ambayo ni ya Kiswahili cha Lamu, wala hakujua kama yapo mengine.

Kilifi na mjukuu

Korona imepungua makali, nayo si ya pekee. Kirusi kingine, kiitwacho kwa ufupi RSV, kilionekana kwanza mwaka 1956 kwa sokwe na mwaka uliofuata kwa watoto wa Marekani. Kwa muda mrefu kilihesabiwa ni cha watoto wachanga, na hapa jirani, Kilifi, kimechunguzwa kwa bidii ambayo ni fahari ya nchi. Taasisi ya KEMRI na washirika wake wa Wellcome Trust, walioko Kilifi tangu mwaka 1989, wamekuwa wakikifuatilia hospitalini humo tangu mwaka 2002. Kati ya 2009 na 2010 walizifuata kaya 47 za mashambani, wakiwapima puani watu wa nyumba nzima, wawe wanaumwa au hawaumwi. Waliona kwamba mtoto mchanga huambukizwa mara nyingi ndani ya nyumba yake, na anayekileta ni ndugu yake mkubwa aendaye shuleni.

Tarasaa nyumba hiyo hiyo ina mtu mwingine ndani, naye ni nyanya. Watoto wengi hulelewa na bibi zao wakati wazazi wako Malindi au Mombasa kutafuta riziki; hulala nao kitanda kimoja na hula nao sahani moja. Wajapani walilijua jambo hili kwa njia ya kinyume. Kuanzia mwaka 1962 waliwachanja watoto wa shule mafua, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi ikawa ni lazima. Walipolegeza na hatimaye kuacha, vifo vya wazee vikapanda. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kwamba sindano ya mkono wa mtoto ilikuwa ikimlinda babu. Kwa hiyo hata ile maana finyu ya chanjo, ya kliniki na kadi, yaweza kumfaa mzee ikiwa itapanuliwa kwa upande huo.

Chanjo ya RSV kwa wazee ilichelewa kwa sababu ya msiba. Katika miaka ya 1966 na 1967 chanjo ya kwanza ilijaribiwa kwa watoto nchini Marekani. Badala ya kuwalinda iliwazidishia ugonjwa, na wawili wakafa. Ilichukua mpaka mwaka 2013 kulijua umbo sahihi la protini ambayo kinga inapaswa kuilenga, na mwezi wa Mei 2023 chanjo ya kwanza ikaruhusiwa Marekani kwa wenye miaka 60 na zaidi. Katika majaribio yake, yaliyohusisha watu wapatao 25,000, ilizuia ugonjwa wa sehemu ya chini ya njia ya pumzi kwa asilimia 82.6 katika msimu wa kwanza. Ni matokeo makubwa ukiyalinganisha na chanjo ya mafua, ambayo katika mwaka mzuri huzuia kiasi cha nusu ya ugonjwa, na kwa wazee hupungua zaidi, kwa kuwa kinga ya mwili nayo huzeeka. Septemba 2024 Uingereza ilianza kuwapa chanjo ya RSV wanaofikia miaka 75. Yamkini mama mwenye nyumba wangu anayo barua ya pili jikoni.

Katika Kenya chanjo ya mafua haimo katika ratiba ya kawaida ya serikali kwa wazee. Anayeitaka huinunua katika hospitali za kulipia mijini. Na kwa kuwa karibu na Ikweta mafua hayana msimu mmoja kama Ulaya, bali huzunguka karibu mwaka mzima, hata suala la mwezi gani achanjwe mtu wa Garsen linataka uamuzi wake lenyewe. Tena dawa hizi hutaka ubaridi wa kati ya nyuzi 2 na 8, na barabara ya Garsen hukatika mto unapofurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena 2024.

Nilirudi Tarasaa baada ya mafuriko hayo. Mjane wa babu alinikaribisha, akanipa maembe, akaniuliza kama wale watu wa Nairobi wamekwisha kujifunza kuhesabu. Alikuwa amechanjwa korona mara mbili. Kadi zake alizihifadhi katika mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za wajukuu wanne. Aliniuliza kama ipo sindano ya hiki kikohozi ambacho watoto hukileta kutoka shule kila mvua zinapoanza. Nikamwambia ipo. Akauliza iko wapi. Nikamtajia Mombasa, na bei niliyoisikia. Akazikunja kadi zake, akazirudisha mfukoni, akaniambia niendelee kuuliza maneno yangu ya mtumbwi, huenda yeye analo moja au mawili aliyoyasikia kwa mumewe. Alikuwa nayo mawili.